Darubini ya kidijitali: tazama nini kabla ya kununua?

SWALI: Nachagua kati ya Seestar S50 na Dwarf 3, zile darubini zinazoongozwa kwa simu. Megapikseli zimenichanganya. Je, nitaziona pete za Zohali vizuri?

JIBU: Megapikseli ziache kwanza. Anza na kipenyo cha lenzi na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi mahali picha inapojikusanya). S50 ina kipenyo cha mm 50 na fokasi ya mm 250. Dwarf 3 ni mm 35 kwa 150. Kwa kipenyo hicho, S50 hukusanya mwanga takriban maradufu. Dwarf 3 nayo huchukua eneo pana zaidi la anga: kishada cha nyota cha Kilimia chote huenea kwenye picha yake, wakati S50 hukikata pembeni usipounganisha picha kadhaa.

Kuhusu Zohali, piga hesabu. Chukua ukubwa wa pikseli kwa mikroni (elfu moja ya milimita), zidisha kwa 206, gawanya kwa fokasi. Pikseli ya S50 ni mikroni 2.9, kwa hiyo kila pikseli hufunika sekunde za tao 2.4 hivi (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii, kipimo cha ukubwa wa vitu angani). Zohali na pete zake ni sekunde 40 tu, yaani pikseli zisizofika 20! Utaona umbo la yai, basi. Mwezi, wenye sekunde 1,800, hupata pikseli 750, na kreta zake hutoka vizuri sana. Kama sayari ndizo unazozipenda, nunua darubini ya kawaida yenye fokasi ndefu. Hizi zimeundwa kwa nebula (mawingu ya gesi na vumbi), galaksi na vishada vya nyota, na huko zinafanya kazi nzuri mno.

SWALI: Nikipiga picha kwa saa nzima, pembe zake hutoka chafu, na baadhi ya nyota huvutika. Darubini ni mbovu?

JIBU: Si mbovu. Shingo yake huenda juu-chini na kulia-kushoto, ilhali anga huzunguka. Saa hiyo nzima ni picha nyingi fupi, na programu huzungusha kila moja kabla ya kuirundika juu ya nyingine, hivyo pembe hupata picha chache. Zikate tu.

Nyota kuvutika ni jambo jingine. Sawazisha stendi kwa kipimo kilicho kwenye programu, iweke chini kwenye ardhi ngumu (sakafu ya mbao hutikisika kila mtu apitapo), na tumia sekunde 10 kwa kila picha badala ya 30. Epuka vitu vilivyo utosini. Hapo mota hulazimika kuzunguka kwa kasi. Usipunguze muda wa jumla, maana chenga (vidoadoa vya picha) hupungua nusu pale tu muda unapoongezeka mara nne: dakika 15 ni picha 90, saa moja ni 360.

SWALI: Naweza kuielekeza kwenye Jua?

JIBU: Ndiyo, ila kichujio cha Jua kivishwe mbele ya lenzi kabla ya kuigeuza huko. Bila hicho, kihisi, yaani sehemu inayonasa picha, huungua.