Mlango wa kuchonga usiutazamishe baharini

Mkuu, umesema una kiwanja cha hoteli Paje, vyumba 12, na mchoraji amekuwekea mlango mkubwa wa kuchonga unaotazama bahari. Unauliza mbao gani itadumu. Mbao siyo tatizo lako. Mlango uko upande usiofaa.

Nimesimamia ujenzi wa hoteli tatu pwani hiyo hiyo ya mashariki ya Unguja. Ile ya kwanza tulifanya hivyo hivyo: mvule safi, njumu za shaba, kazi ya fundi ya karibu miezi minne. Upepo wa kusi ulipoingia, mvua ikawa inakuja ya mshazari, ubawa mmoja ukajipigiza mpaka bawaba zikalegea, mchanga ukajaa kizingitini hata mlango ukawa haufungiki. Kutu ikachuruzika juu ya nakshi kama wino. Mwisho tukautia komeo, wageni wakawa wanapitia jikoni!

Mgeni wako hatoki baharini. Anashuka kwenye gari upande wa barabara, kachoka, ana masanduku. Lango liweke huko magharibi, ulijengee daka, yaani sehemu ya kuingilia mbele ya mlango, yenye paa na mabaraza mawili ya mawe ya kukalia, kushoto na kulia, kimo sentimita 45 hivi. Akishaingia akutane na ukuta, ageuke, ndipo aone ua na bahari kwa nyuma. Nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu zilifanya hivyo kwa ajili ya stara. Hotelini kuna faida nyingine: upepo haupiti moja kwa moja kwenye nyumba, na pale konani mgeni husimama mwenyewe bila kuambiwa. Nimewaona mara nyingi, begi bado liko begani.

Upande wa bahari acha baraza wazi, ngazi mbili tatu, na birika la kuoshea miguu. Misikiti ya kale ya pwani ilikuwa na birika na mawe ya kukanyagia, basi iga hapo. Sakafu inayofuata usiisugue ikang'aa, maana mguu wenye maji juu ya saruji laini ni bili ya hospitali. Ikwaruze kwa ufagio mgumu kabla haijakauka, mita mbili za mwanzo zinatosha.

Vyumbani, rafu za mbao achana nazo. Toboa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, ukutani wakati wa kujenga, upige chokaa. Kimoja kiwe chini kando ya kitanda, kiangukie ndani ya chandarua, na soketi humo humo, mtu achaji simu bila kuwafungulia mbu. Bawaba, kulabu na skrubu zote ziwe stenlesi namba 316. Dukani watakusukumia 304 kwa kuwa ni rahisi, ila karibu na chumvi ya bahari hiyo 304 hutoa madoa ya kutu mapema mno.

Mchoro wa vyoo vya wageni hujaweka. Utupie hapa kabla hujamwaga zege la msingi.