Fundi Anajibu: Kompyuta Mpakato ya Kujiundia

SWALI: Ndugu wahariri, kompyuta yangu ya mezani niliiunga mwenyewe. Kasha, bodi, prosesa, RAM na pawasaplai nilinunua kimoja kimoja. Sasa nahitaji mpakato kwa ajili ya chuo. Je, naweza kununua vipande nikaunga vivyo hivyo? Mashine mpya siimudu.
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Kwa vipande vitupu haiwezekani, wala tatizo si mikono yako. Kompyuta ya mezani huungika kwa sababu tangu 1995 kuna kipimo kiitwacho ATX: matundu ya skrubu za bodi yamepangwa sawasawa, kasha liwe la nani na bodi iwe ya nani. Mpakato haina kipimo cha namna hiyo. Bodi ya kila modeli hukatwa kulifuata kasha lake: mahali pa tundu la chaja, kikao cha feni, njia ya bomba la shaba linalobeba joto, hadi upande unaotokea utepe wa kibodi. Ndiyo maana huwezi kupata kasha tupu la inchi 14 linalopokea bodi yoyote. Prosesa nayo haichomoki tena. Kwa mpakato za kawaida za Intel, kizazi cha 4 (2013) kilikuwa cha mwisho kuwa na soketi. Baada ya hapo prosesa hulehemewa kwenye bodi kiwandani.

Kinachokaribia zaidi unachotafuta ni Framework Laptop 13, ya kampuni ya Kimarekani, iliyotoka 2021. Huuzwa pia ikiwa nusu: mnunuzi anajipachikia RAM, diski na Wi-Fi. Toleo hilo lilianzia dola 749, na RAM, diski na chaja vilikuwa gharama ya juu yake. Uzuri wake ni kwamba bodi ya AMD ya 2023 inaingia katika kasha lile lile la 2021. RAM ya zamani lakini haihami, kwa kuwa bodi za kwanza zinatumia RAM ya aina ya DDR4 na hiyo ya AMD inatumia aina ya DDR5. Ni mashine tunayoiheshimu sana, ila ukiongeza usafirishaji na ushuru, kwa mtu asiyemudu mashine mpya haifai.

Njia yenye maana ni kununua mashine iliyotumika yenye kasha zima na bodi nzima, kisha kuijenga upya kwa ndani. Tungeanza na ThinkPad T480 ya 2018. Ina nafasi mbili za RAM, betri mbili, na prosesa yake ya kizazi cha 8 inakubaliwa na Windows 11. T470 inafanana nayo sana kwa sura na wauzaji huzichanganya, lakini prosesa zake za kizazi cha 6 na 7 hazimo katika orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Usipoipata T480, tafuta HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490. Jihadhari na mashine nyembamba kama X1 Carbon: RAM yake imelehemewa, hivyo ikija na 8 GB utabaki na 8 GB.

Iwe ni Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, kagua kabla ya kutoa pesa. Iwashe na uingie BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya bodi (F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell). Ikidai nywila, iache hapo hapo, maana nywila ya msimamizi haifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi. Ndani ya Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha katika ripoti inayotoka ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wa sasa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine.

Kabla ya kufungua T480, ingia BIOS, sehemu ya Config kisha Power, uzime betri ya ndani. Chomoa chaja na betri ya nyuma, legeza skrubu za chini, halafu inua kifuniko kwa kadi ya plastiki, kamwe si kwa bisibisi.

RAM: weka vipande viwili vya DDR4 SO-DIMM (umbo fupi la RAM ya mpakato) vya 8 GB badala ya kimoja cha 16. Picha hutengenezwa na prosesa ikitumia RAM hiyo hiyo, na vipande viwili huipa njia mbili za kupitishia data. Ingiza kila kimoja kikiwa kimeinama kiasi cha nyuzi 30, kisha bonyeza hadi vishikio vyote viwili vilie. Ukimaliza, mashine haitawaka mpaka uchomeke chaja, kwa kuwa uliizima betri, na skrini inaweza kubaki nyeusi dakika nzima bodi ikiizoea RAM mpya. Wengi huogopa hapo na kufungua tena, subiri.

Diski: mashine ikiwa ina trei ya inchi 2.5, chukua SSD ya SATA yenye unene wa milimita 7.

Skrini ndiyo inayoharibu bodi nyingi. Ya 1920 kwa 1080 isiyo ya kugusa hutumia kiunganishi cha pini 30. Ya 2560 kwa 1440 hutaka kebo ya pini 40, kwa hiyo soma namba ya modeli mgongoni mwa kioo cha zamani kabla ya kuagiza. Usiguse kiunganishi hicho umeme ukiwamo. Kikiteleza kidogo tu, pini ya umeme wa taa hugusana na jirani yake, na fyuzi ya taa iliyo kwenye bodi inakatika. Baadaye skrini inaonyesha picha hafifu unayoiona kwa kumulika tochi tu, na mtu hununua kioo kingine bure.

Grisi ya prosesa: safisha ya zamani kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kaza skrubu kwa kufuata namba zilizopigwa kwenye chuma. Na ukiwa tayari kwenye intaneti, sasisha programu ya ndani ya Thunderbolt (chipu inayohudumia tundu la USB-C) kutoka tovuti ya Lenovo. Toleo la mwanzo lina kasoro inayoweza kuua tundu la USB-C, na hiyo ni kazi ya bodi, si ya bisibisi.

SWALI: Nina Raspberry Pi 5 (kompyuta ndogo ya bodi moja), kioo cha mpakato iliyokufa na seli nne za 18650 (betri za lithiamu za mviringo). Nikiviunga nitapata mpakato?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Utapata, nene kidogo, ya kuandikia na kujifunzia programu. Kioo hakiungwi moja kwa moja na Pi. Unahitaji bodi ya kugeuza HDMI, inayolingana na namba ya modeli ya kioo chako.

Hesabu ya umeme: seli halisi ya 3.6 V na 3 Ah hubeba Wh (wati-saa) 10.8, nne ni Wh 43. Kigeuzi kitakula kama asilimia 12, zibaki Wh 38. Pi na skrini vikitumia wati 11, hiyo ni saa tatu na nusu hivi. Seli iliyoandikwa 9900 mAh ni ya uongo. Za kweli huwa kati ya 2000 na 3600 hivi.

Pi 5 hutaka 5 V na ampea 5. Bodi nyingi za pawabenki hutoa 2 au 3, na hapo Pi hubana vifaa vyote vya USB kwenye milliampea 600 kwa jumla, diski ya nje ikawa inakatika-katika. Kabla ya kuunga seli sambamba, zichaji zote hadi tofauti isizidi 0.05 V, maana yenye 4.1 ikikutana na yenye 3.2, mkondo mkubwa hupita na zinapata moto. Usizilehemu kwa pasi ya risasi, maana joto huyeyusha utando wa ndani. Tumia vishikio vya seli, na lazima pawe na bodi ya ulinzi.

SWALI: Fundi amebadilisha seli ndani ya betri ya mpakato wangu. Seli ni mpya, lakini haichaji kabisa.
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Ndani ya betri kuna chipu inayohesabu chaji na kuzungumza na bodi. Seli za zamani zilipotolewa ilikosa umeme, ikaandika kwamba betri imekufa, ikajifunga. Kuifungua kunataka kifaa na programu ya chipu hiyo hiyo, ambavyo mafundi wachache wanavyo. Nunua betri kamili. Ndugu akikuletea kwa ndege, iwe kwenye begi la mkononi, ncha zake za umeme zimefunikwa kwa tepu, na isizidi Wh 100.