Mwanao akiitwa Serengeti Boys, shika cheti cha kuzaliwa kabla ya viatu

Mpwa wangu alizaliwa tarehe 19 Desemba 2001. Naanza na tarehe hiyo kwa sababu ilitutesa ukoo mzima karibu miaka mitatu, na mengi nitakayokuandikia hapa, wewe mzazi, mlezi au kocha wa mtaani mwenye kijana anayejua mpira, nimejifunza kwa sababu yake.

Kwa asiyefuatilia: Serengeti Boys, yaani timu ya taifa ya Tanzania ya chini ya miaka 17, haichagui kijana "wa miaka 16" kama tunavyosema mtaani. Inachagua aliyezaliwa kuanzia Januari mosi ya mwaka fulani. Kwa AFCON ya vijana hao, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya Gabon 2017, mwisho ulikuwa Januari mosi 2000. Kwa ile ya 2019, tuliyoiandaa wenyewe Dar es Salaam, ulikuwa Januari mosi 2002. Sasa piga hesabu. Kwa Gabon mpwa wangu alikuwa halali kabisa, ila alikuwa na miaka 15, mwembamba kama fito, na wenzake wa kugombea nao namba walikuwa wameshaanza kuota ndevu. Kwa Dar es Salaam alikuwa amepitwa kwa siku kumi na tatu.

Siku kumi na tatu tu, jamani!

Basi akaja kocha. Simtaji, na wala si mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa anamfundisha Jumamosi na Jumapili kwenye uwanja wa shule huku Ukonga, Dar es Salaam, na viatu vya kwanza vya maana alimnunulia yeye. Jioni moja ya Julai 2017 alikuja nyumbani, akakaa kwenye benchi la nje, akamaliza chai yake, ndipo akasema: "Mjomba, hizi ni wiki mbili tu. Tunaisogeza iwe Januari. Huu hata si uongo ule wa kusema uongo." Anamfahamu mtu, cheti kitatoka upya, sisi tutoe ya soda.

Nitakuwa mkweli: mimi nilikuwa nimeshakubali moyoni. Nilichokuwa nawaza ni soda yenyewe itakuwa shilingi ngapi.

Aliyekataa ni dada yangu. Alitoka jikoni na mfuko wa nailoni, akatoa kadi ya kliniki ya mtoto, ile iliyokunjwa mpaka imekatika katikati na kuungwa kwa gundi ya karatasi. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwa peni ya bluu, uzito kilo 2.9, na doa la mafuta pembeni. Akamwekea kocha mapajani. "Kocha, huyu nimemzaa Jumatano, Idi haijapoa, pilau la watu bado lipo kwenye sufuria. Ukimpeleka Januari si utanifanya nimebeba mimba miezi kumi?" Kocha alicheka, mimi nikacheka, yeye hakucheka. Maneno yakaishia hapo.

Nimelisimulia hili kwa sababu vijana wengi wanaoharibikiwa hawaanzi na miaka mitano. Wanaanza na wiki mbili. Wiki mbili zikipita salama, timu inayofuata inataka mwaka, na inayofuata inataka miwili, mpaka siku moja kijana ana cheti kinachosema kitu kimoja, shule ya msingi inasema kingine, na pasi ya kusafiria inasema cha tatu. Mtaani tuna neno la kumwita mtu huyo: kijeba. Mpaka anafika huko, watu wazima wengi wameshatia mkono, ila neno analibeba peke yake.

Sasa, kuhusu kipimo cha umri. Watu wanakizungumzia MRI kama uchawi. FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la U-17, yaani chini ya miaka 17, lililofanyika Nigeria mwaka 2009. Kijana anaingiza mkono kwenye mashine, hapigwi mionzi kama ya eksirei, na picha inaonyesha ncha ya mfupa wa mkono pale karibu na kiganja. Mtu anayekua ana sehemu laini pale ambayo haijaungana na mfupa. Ikishaungana kabisa, wanajua kwa uwezekano mkubwa sana kwamba miaka 17 imempita. Kipimo hakisomi tarehe. Kwa hiyo mpwa wangu na wiki zake mbili huenda angepita bila wasiwasi, na yupo kijana mkweli ambaye mfupa wake umewahi kukomaa akabaki nyumbani akilia. Ndiyo maana nakushauri, ikiwa uwezo upo, usisubiri afike kambini kwanza. Muulize daktari mapema, ujue mfupa wa mwanao unasemaje, ili asije akajua mbele ya wenzake.

Wanaosema "wote wanafoji, tusipofoji tutabaki nyuma" nawakumbusha historia yetu wenyewe. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu AFCON ya Gambia, na hawakwenda. Waliondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kikosi kizima, na makocha wao, kwa ajili ya mmoja. Miaka kumi na miwili baadaye mambo yakageuka: vijana wa kocha Bakari Shime walitolewa na Kongo Brazzaville kwenye mechi ya mwisho ya kufuzu, TFF, shirikisho letu la soka, ikakata rufaa, mchezaji aliyelalamikiwa hakufika kwenye kipimo, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikawaondoa Kongo na sisi tukapanda ndege kwenda Gabon. Na mwaka 2019 Guinea walifika fainali hapa hapa Dar, kisha wakafutwa kwa sababu ya umri wa wachezaji, nafasi yao ya Kombe la Dunia kule Brazil wakapewa Senegal. Ukitaka kufoji, foji ukijua kwamba jirani anaweza kuwa na picha ya mwanao akiwa darasa la kwanza.

Tuyaache ya vyeti, tuongee mpira.

Kikosi cha 2017 ndicho ninachokipenda mpaka leo. Sare ya 0-0 na Mali, ambao ndio waliokuja kuwa mabingwa. Tukawafunga Angola 2-1. Mechi ya mwisho na Niger, sare tu ilitutosha kuingia nusu fainali, na nusu fainali ilikuwa ni tiketi ya Kombe la Dunia India. Tukafungwa 1-0. Tulilingana pointi na Niger, wakapita wao kwa sababu walitufunga. Mechi tatu, mabao mawili tu nyavuni kwetu. Nahodha alikuwa Dickson Job.

Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Aprili 2019, nilikwenda Uwanja wa Taifa na mpwa wangu kuangalia mechi ya ufunguzi na Nigeria. Yeye alikuwa jukwaani, siku kumi na tatu mbali na nyasi zile. Tulifungwa 5-4. Mabao tisa, uwanja unaruka, na mtoto wa watu pembeni yangu hasemi kitu, anang'ata kamba ya kofia ya sweta. Kisha Uganda wakatupiga 3-0, Angola 4-2, tukamaliza na mabao kumi na mawili ya kufungwa kwenye mechi tatu. Nyumbani.

Tuliokuwa jukwaani tulimlaumu kocha. Siku hizi nauliza swali jingine: wale vijana Jumatatu iliyofuata walikwenda wapi? Hilo ndilo swali ambalo nataka uliulize kabla hujasaini fomu ya ruhusa ya mzazi. Timu ya taifa ya vijana inakusanywa, inakaa kambini, inasafiri, inavunjwa. Wala si kosa la mtu, timu za taifa ndivyo zilivyo duniani kote. Anayemkuza mchezaji ni klabu, yaani mtu anayemwona kila siku saa kumi jioni. Job baada ya Gabon alikuwa klabu ya Mtibwa Sugar, akacheza ligi, akakosea, akapangwa tena, ndipo Yanga wakamchukua 2021. Kibwana Shomari wa kikosi kile kile naye alipitia huko huko Manungu, nyumbani kwa Mtibwa. Kijana anayetoka kambini na kurudi kwenye ndondo za mtaani, hata awe na kipaji gani, anarudi kucheza na watu wanaomwita "staa" na kumkata buti.

Kwa hiyo akiitwa, furahi, ila ukishafurahi mtafute kocha wa timu ya vijana ya klabu yoyote yenye U-20 inayofanya mazoezi kweli, iwe Chamazi, iwe Manungu, iwe Mwanza. Usichague jezi, chagua dakika atakazocheza. Kwetu sisi tulichagua jezi. Mpwa wangu alikaa msimu mzima kwenye timu yenye jina, akibeba mipira na kupasha misuli.

Na shule je? Hapa sina maneno mengi. Asiache. Mazoezi ni saa mbili kwa siku, na anayekwambia hayapatani na kidato cha tatu anataka mchezaji wa kumtumia wikendi. Mwangalie Kelvin John wa kikosi cha 2019, yule waliyemwita Mbappe: alikwenda Uingereza akasoma na kucheza kwenye chuo kimoja Leicester, na Genk ya Ubelgiji ikamsajili 2021 alipotimiza miaka 18.

Hiyo 18 ishike vizuri, kwa sababu ndiyo itakayokuokoa na mawakala. Kanuni za FIFA hazimruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, mfano wazazi wamehama kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Mwana wa Ukonga mwenye miaka 16 na wazazi Ukonga hana sababu hiyo. Sisi alitufuata bwana mmoja nadhifu, simu mbili, akasema kuna majaribio Dubai, tutoe laki nane za "maandalizi". Nilimuuliza swali moja tu: klabu gani, na barua yake iko wapi? Alisema barua inatoka tukishalipa. Bado anapita mitaani, nilimwona mwaka jana. Na hata hapa nyumbani, akipewa mkataba kabla ya miaka 18 usizidi miaka mitatu; FIFA hawautambui muda unaozidi hapo. Soma kwa sauti, mbele ya mtu anayejua sheria, hata kama klabu imekuja na gari la kioo cheusi.

Makocha wa mchangani, nanyi nina lenu. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia tano ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 mpaka 15 ni asilimia 0.25 ya ada yote. Miaka ya juu yake ni 0.5. Akiuzwa kwa euro milioni moja, msimu mmoja uliomlea akiwa na miaka 13 ni euro 2,500. Hiyo ni mipira mingi. Lakini inalipwa kwa klabu iliyosajiliwa na iliyomwandikisha mchezaji, si kwa "mimi ndiye niliyemtoa". Fikiria mshambuliaji wetu Mbwana Samatta: African Lyon, Simba, TP Mazembe kule Lubumbashi, Genk, Aston Villa Januari 2020. Kila hatua ina karatasi yake, na karatasi hizo zinahesabiwa kwa tarehe ya kuzaliwa. Naye, nisemee tu, ni mtoto wa Desemba.

Wenye mabinti msidhani hapa siwaongelei. Serengeti Girls walifika mbali kuliko kaka zao. Mwaka 2022 waliwatoa Cameroon, wakaenda Kombe la Dunia India, wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Kocha alikuwa yule yule Shime wa Gabon. Mzazi anayemficha binti viatu aangalie mechi ya Ufaransa kwanza.

Nyumbani kwetu sasa kuna bahasha ya kaki. Ndani yake kuna kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kumaliza la saba, nakala za leseni za kila msimu na majina ya timu. Mwaka jana mpwa wangu alisajiliwa na timu ya daraja la kwanza mkoani. Katibu alilinganisha tarehe kwenye kila karatasi, akamaliza kwa dakika tano. Kijana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni aliambiwa arudi kesho na mzazi.

Jambo moja limebadilika, na mlijue. Tangu 2025 Kombe la Dunia la U-17 linachezwa kila mwaka, Qatar, timu 48, na Afrika ina nafasi kumi. Jirani zetu wa Uganda walikuwepo lile la kwanza. Maana yake aliyezaliwa Desemba hasubiri tena mlango wa miaka miwili miwili. Kila mwaka wa kuzaliwa una zamu yake. Utaratibu huu ungekuwepo zamani, waliozaliwa 2001 wangekuwa na mashindano yao mwaka 2018.

Nilimpigia mpwa wangu kumwambia hivyo, nikidhani nimegundua jambo kubwa.

"Anko," akasema, "2018 si ndo mwaka nilioshinda na plasta ya P.O.P mguuni?"