Bibi au pembe? Kwa mnaoanza kusoma barua za mababu

Ukifunguliwa kasha la barua za ukoo kwa mara ya kwanza, usikimbilie kusoma. Tazama kwanza zilivyofungwa. Barua za uzi mmoja huwa za deni moja au safari moja. Ukizitawanya ili uzipange kwa tarehe, mpango ule haurudi. Piga picha kila karatasi, na mgongoni pia, maana huko ndiko kwenye jina la mpelekewa na pengine hesabu za frasila, kipimo cha uzani cha zamani.

Barua nyingi za pwani za karne ya 19 ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazikuumbwa kwa Kiswahili. Waandishi wengi walitumia "ba" moja kwa b na p, kasra (alama ya irabu inayowekwa chini ya herufi) moja kwa i na e, na m iliyotangulia b wakaiacha. Kwa hiyo "pembe" na "bibi" huandikwa sawasawa. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilisoma katika barua ya mfanyabiashara kwamba bibi zimefika salama, nikaamini ni habari za wake zake. Mzee wa ukoo ule akaniomba nimsomee kwa sauti. Nilipofika hapo akaninyanyulia mkono: "Mwanangu, bibi tungesema 'wamefika'. Zilizofika ni pembe." Ilikuwa shehena ya pembe za ndovu kutoka bara. Tangu hapo kila mstari nausoma kwa sauti, na viambishi navisikiliza kabla sijaamini jicho.

Tarehe nazo zina mtego. Mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882, hivyo barua nyingi za mwaka huo ni za 1883. Ukikuta "Mfunguo Nne", ni Muharram: hesabu inaanzia Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani.

Kisha utakuta watu wameorodheshwa kati ya merikani (kitambaa cha pamba) na ushanga, kila mmoja na bei yake kwa reale, sarafu ya fedha ya wakati ule. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897. Usiwaite "watumishi" ili kumstahi mwenye barua. Zungumza na wazee wa ukoo kabla hujamwonyesha mtu wa nje, kwa sababu wajukuu wa mwandishi na wajukuu wa waliouzwa huenda wanasali msikiti mmoja. Na majina yale ya waliouzwa uyanakili herufi kwa herufi, hata yale usiyoweza kuyatamka. Wengi wao hawakuandikwa popote pengine.