Kiungo Kikavu Kinadanganya: Kufunga Hita ya Dizeli Botini

Siku mzungu mmoja aliyetia nanga mbele ya Shela aliponitaka nimfungie hita botini, nilidhani sikumsikia vizuri. Hita, Lamu, mwezi wa Machi, kaskazi inaishia na jasho linatutiririka! Kumbe safari yake ilikuwa ya kusini, mpaka Cape Town. Nikaichukua kazi. Nyinyi mnaoanza ufundi huu wa mashine za boti, kazi kama hii itawafikia siku moja, na huenda mkaikosea pale pale nilipoikosea mimi.

Mimi nilizoea injini za mashua zetu, ambazo hunywa dizeli kwa wingi. Hita ya kilowati 2, hata ikiwaka kwa moto wake wote, hutumia kama robo lita tu kwa saa. Pampu yake inadondoa kidogo kidogo, tik, tik, tik. Hewa ikipita badala ya dizeli, moto unafifia. Viputo vikifuatana, unazimika.

Kwanza, niliona uvivu kulitoboa tangi. Nilikata mpira wa dizeli wa injini nikaweka kiungo cha njia tatu. Hita ikawaka vizuri hadi alipowasha injini: pampu ya injini ikavuta kila kitu upande wake, hita ikafa. Ipe hita bomba lake la kunyonyea. Kifungue kifuniko cha tangi, ukitobolee nje ili chenga za chuma zisiangukie kwenye dizeli. Mdomo wa bomba hilo uwe juu kuliko ule wa injini, na mbali na uchafu na maji yanayotuama chini. Dizeli ikipungua, hita ife njaa kwanza. Baridi utajifunika blanketi, lakini injini ikizima mkondoni wakati wa bamvua utajifunika nini?

Kosa la pili lilinilia siku nzima. Hita inawaka dakika kumi, inazima. Nikapangusa viungo vyote kwa kitambaa cheupe: vikavu kabisa. Nikaanza kuilaumu hita. Jioni nikamulika tochi kwenye kibomba cha plastiki, nikaona viputo vinapita kama shanga. Kutoka tangini hadi pampu dizeli inavutwa, kwa hiyo kiungo kilicholegea hapo hakidondoshi kitu nje. Kinanyonya hewa ndani. Nilikuwa nimekata kibomba kwa plaisi, ncha ikabonyea, klipu haikukaza sawasawa. Kata kwa wembe mkali, ncha mbili zigusane ndani ya mpira wa kuungia, pasibaki nafasi ya kiputo kujikusanya.

Usitafute bomba pana ukidhani unaisaidia hita. Upande wa kwenda kwenye hita tundu la milimita 2 linatosha, maana kwenye bomba pana dizeli inajikokota na hewa inapata pa kukaa. Pampu nayo usiilaze. Iinamishe, upande wa kutolea uelekee juu. Viungo vya mabati, yaani vilivyopakwa zinki, usivitie kabisa, zinki na dizeli haviivi chungu kimoja. Filta inakaa kabla ya pampu, hilo mnalijua.

Ikiwashwa mara ya kwanza itakataa, labda mara mbili tatu, mpaka bomba lijae. Usiwashe mfululizo kwa hasira, dizeli itajaa chumba cha moto na utatoa moshi mweupe hadi watu wa ufukweni waje na ndoo.

Yangu ilipotulia, mwenyewe akataka tuijaribu saa nzima, milango imefungwa. Nikamwambia nitaisikilizia juu. Kule chini kulikuwa tanuri la mkate wa mofa.