Maswali ya Wasomaji: Chaneli zikizimwa, nani anamtetea mtazamaji?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Columbus, Ohio, na ninalipia televisheni kwa njia ya intaneti. Mara kwa mara kampuni ninayoilipa huniandikia kwamba chaneli fulani huenda zikaondolewa kwa kuwa mwenye chaneli anadai bei kubwa mno, na jioni hiyohiyo mwenye chaneli hutangaza kwamba kampuni hiyo inakataa kulipa bei ya haki. Wote wawili wanadai kunitetea. Ugomvi huu unahusu nini hasa, nami niwe upande wa nani? (Msomaji, Columbus)

JIBU: Usiwe upande wa yeyote, ndugu msomaji. Wanachogombea ni mamlaka ya kupanga bei, na bei hiyo, ipangwe na huyu au na yule, mlipaji ni wewe.

Tazama mvutano wa mwaka 2025 baina ya Disney na Google, mmiliki wa YouTube TV, huduma ya televisheni kwa njia ya intaneti. Mkataba wao ulimalizika usiku wa tarehe 30 Oktoba, na chaneli za Disney, zikiwamo ABC na ile ya michezo, ESPN, zikazimwa hadi tarehe 14 Novemba, msimu wa mpira wa Kimarekani ukiwa umepamba moto. Tarehe 4 Novemba ilikuwa siku ya uchaguzi katika majimbo kadhaa. Disney iliomba ABC irudishwe kwa siku hiyo moja ili watu wapate habari. YouTube ikajibu kwamba kuirudisha na kuiondoa tena kungewachanganya wateja, ikapendekeza ABC na ESPN zirudishwe zote huku mazungumzo yakiendelea. Hakuna lililokubaliwa, na mteja aliyekuwa amekwisha kulipia mwezi mzima akaupitisha usiku wa matokeo bila ABC. Kama kweli mmoja wao angekuwa anamtetea mtazamaji, siku hiyo ndiyo ingekuwa siku ya kuonyesha.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mwenye chaneli hatozi kwa saa ulizotazama, bali hudai ada kwa kila mteja kwa kila mwezi, awe anaitazama chaneli hiyo au hajawahi kuifungua. Ada ya ESPN, ambayo ndiyo ghali kuliko zote, hukadiriwa kuwa karibu dola 10 kwa mwezi, na mama mzee ambaye hajui hata timu zinachezaje huilipa sawasawa na shabiki asiyekosa mchezo. Isitoshe, wenye chaneli kubwa huziuza kwa mafungu, kiasi kwamba anayeitaka ile moja inayopendwa hulazimika kuzibeba na nyingine kadhaa. Kwa upande wa vituo vya kawaida vya mijini, sheria ya Marekani ya mwaka 1992 inakipa kila kituo cha kibiashara nafasi ya kuchagua, kila baada ya miaka mitatu, ama kimlazimishe msambazaji wa televisheni ya kebo kukibeba bila malipo, ama kikae naye mezani kudai malipo kwa ridhaa yake. Vituo vyenye watazamaji wengi huchagua malipo, na ndiyo maana vitisho vya kuzima chaneli haviishi: kuzima ndiyo silaha pekee inayoumiza pande zote mbili upesi.

Google ilisema kwamba madai ya Disney yangewapandishia wateja bei. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama YouTube TV yenyewe, iliyoanza mwaka 2017 kwa dola 35 kwa mwezi, isingekuwa imefika dola 82.99 mwanzoni mwa 2025. Disney nayo ilisema kwamba Google, mojawapo ya kampuni tajiri kuliko zote duniani, inatumia ukubwa wake kuwakandamiza wenye vipindi. Lakini tarehe 29 Oktoba, siku moja tu kabla ya mkataba kumalizika, Disney ilikamilisha kuchukua asilimia 70 ya Fubo, mshindani wa YouTube TV, na Hulu, huduma nyingine ya aina hiyo, tayari ilikuwa mikononi mwake. Mteja aliyeondoka YouTube TV kwa hasira angeweza kujikuta mlangoni kwa Disney.

Mambo haya hayakuanza jana. Tarehe 31 Agosti 2007 Apple ilitangaza kwamba haitauza vipindi vipya vya kampuni ya televisheni ya NBC katika duka lake la mtandaoni la iTunes, ikidai kwamba NBC inataka sehemu moja ya kipindi ipande kutoka dola 1.99 hadi 4.99. NBC ilikanusha, ikasema kwamba ilichotaka ni uhuru wa kupanga bei tofauti kwa vipindi tofauti. Ikaenda kuuza kwa Amazon, na mwezi Machi 2008 Hulu, ambayo NBC iliianzisha pamoja na News Corporation, ikafunguliwa kwa umma. Septemba 2008 NBC ilirudi iTunes: vipindi vya zamani kwa dola 0.99, vya kawaida 1.99, na vyenye picha ya ubora wa juu 2.99. Kila upande ukajitangazia ushindi. Mnunuzi hakuulizwa popote katika mwaka mzima huo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kivitendo. Lipia mwezi kwa mwezi, usijifunge kwa mwaka. Nunua antena, kwa kuwa katika miji mikubwa ya Marekani ABC, NBC, CBS na Fox hupatikana hewani bila malipo yoyote, na wahamiaji wengi niliozungumza nao hawakuwa wakilijua hilo. Na chaneli zikizimwa, dai fidia. Mwaka 2025 YouTube TV ilitoa punguzo la dola 20, lakini wateja waliandikiwa barua pepe yenye maelezo ya namna ya kulichukua; asiyesoma barua pepe zake alikuwa katika hatari ya kulikosa.

SWALI: Je, hapa kwetu jambo kama hilo linaweza kutokea? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Limekwisha kutokea, ingawa kwa sura nyingine. Nchini Kenya, kampuni za Royal Media, Nation na Standard zililalamika mahakamani kwamba GOtv na StarTimes, wasambazaji wa televisheni ya kulipia, zinabeba chaneli zao bila ridhaa. Septemba 2014 Mahakama ya Juu iliona kwamba kanuni inayowataka wasambazaji kubeba chaneli za bure inalinda maslahi ya umma na haikiuki hakimiliki. Tanzania, mwaka 2018, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilizizuia baadhi ya kampuni za ving'amuzi vya satelaiti kuonyesha chaneli za ndani za kutazamwa bure, kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu, na wateja waliokuwa wamelipia kifurushi cha mwezi wakajikuta hawapati taarifa ya habari ya saa mbili usiku mpaka watafute king'amuzi kingine.

Mimi naunga mkono msimamo wa mahakama ya Kenya, na ningependa uende mbali zaidi: chaneli yoyote inayotoa habari kwa umma isizimwe kwa sababu ya ugomvi wa bei, mazungumzo yaendelee ikiwa hewani, na atakayechelewesha makubaliano ndiye awarudishie wateja fedha za siku hizo, bila wao kuziomba.