Ukibadili mbebaji, kumbukumbu haiamki: kwa wanaoanza staji ya kinga Bukavu

Wadogo zetu mnaoingia labo, kosa linaloharibu majaribio mengi ya hapteni (molekuli ndogo inayohitaji kubebwa) haliko mikononi, liko katika kuchagua protini inayoibeba, yaani mbebaji.

Molekuli ndogo kama DNP (dinitrofenili) haiamshi kinga peke yake. Seli B, inayotengeneza kingamwili, huikamata vizuri, lakini ili isaidiwe na seli T lazima ionyeshe peptidi (vipande vya protini), na DNP haina peptidi. Hizo hutoka kwenye protini iliyoibeba. Seli B humeza vyote pamoja, hukatakata protini, huonyesha vipande. Seli T inayovitambua huiruhusu izaliane na kuhama kutoka kingamwili za IgM kwenda IgG. Basi kumbukumbu ni mbili: ya DNP kwenye seli B, ya mbebaji kwenye seli T. Ndiyo maana sukari ya bakteria Hib katika chanjo ya penta, wanayochomwa watoto wetu wakiwa na wiki 6, 10 na 14, hufungwa kwenye protini.

Sasa panya. Wote wachomwe tumboni mikrogramu 100 za DNP-KLH (DNP iliyofungwa kwenye KLH, protini ya konokono wa baharini) na alum, chumvi ya alumini inayoongeza jibu la kinga. Baada ya wiki 4 hadi 6, kundi la kwanza lirudiwe DNP-KLH: IgG ya DNP inapanda haraka. La pili lipewe DNP-BSA (mbebaji ni BSA, albumini ya ng'ombe): jibu ni dogo, ingawa seli B za kumbukumbu zimo. Hapo ndipo wengi huandika daftarini kwamba sindano ya kwanza haikushika. Ilishika. Kundi la tatu, lililopewa pia BSA tupu na alum mapema, linajibu DNP-BSA kwa nguvu. Kundi hili msiliache hata panya wakiwa wachache, maana ndilo linaloonyesha kilichokosekana ni seli T za mbebaji.

Kuunganisha DNP na BSA hufanywa kwa DNBS, kemikali inayobandika DNP kwenye lisini za protini, katika bafa ya karbonati. Tris hapana kabisa: ina amini, itaila DNBS kabla haijafika kwenye lisini. Kisha dialisi (kuchuja kwa utando) katika bafa ya chumvi PBS, nyuzi 4, mkibadili maji angalau mara 3. Wekeni karatasi nyeupe nyuma ya chombo: maji ya nje yakiwa bado na unjano, hapteni huru haijaisha. Umeme ukikatika usiku, hamishieni chombo kwenye glasiere yenye barafu, msingoje urudi.

Pimeni mwanga wa nanomita 360, mkitumia mgawo wa unyonyaji wa DNP wa 17,500 kwa kila molari kwa sentimita. DNP 10 hadi 20 kwa BSA moja zinatosha. Kwenye nanomita 280, panapopimwa protini, DNP nayo hunyonya mwanga. Msipoitoa, mtadhani protini ni nyingi kuliko ilivyo.

Kwenye elisa, kipimo cha kingamwili, pakeni plati DNP-OVA (OVA ni albumini ya yai). Mkipaka DNP-KLH, kingamwili za KLH zitawasha visima vyote na hamtajua ipi ni ya DNP. Kuziba plati tumieni gelatini, si BSA, kwa kuwa makundi mawili yamekwisha kuiona BSA. Acheni na safu moja ya OVA tupu, mtoe usomaji wake.